Safu ya Wasiotembea

Siku velo ilipoletwa nyumbani kwangu, Faida alikuwa juu ya mpera. Wanaume wawili wa ofisi waliishusha kutoka kwenye gari, baiskeli mpya ya magurudumu matatu, ile inayoendeshwa kwa mikono, kiti chake bado kimefunikwa plastiki. Waliuliza kwa sauti ya chini kama watu waliokuja msibani:

"Mutoto mwenye hawezi kutembea iko wapi?"

Faida akasikia wageni. Akaruka kutoka kwenye tawi, akakatiza uani mbio, akaja kusimama mbele yao akihema, pera mkononi. Akawaamkia vizuri, mmoja mmoja, kama nilivyomfundisha.

"Ndiye huyu," nikasema.

Walitazama miguu yake. Kisha mmoja akatazama karatasi. Karatasi ilisema Faida, binti wa Nourdine, miaka kumi na miwili, darasa la sita. Yule mwingine akakuna shingo.

"Mama, utie saini tu," akasema. "Sisi tunaletaka, hatuulizake."

Nikatia saini. Mpaka leo najilaumu kwa saini ile, na mpaka leo naishukuru.

Naitwa Rachida. Nashona nguo barazani hapa Kasongo, cherehani nimeielekeza barabarani ili nisipitwe na habari, na watu wa mtaa wanasema ulimi wangu unakata kuliko mkasi wangu. Sikatai. Mume wangu, Mungu amrehemu, alikuwa akisema nikienda mahali kudai haki, haki yenyewe hujificha. Faida ni mtoto wa kaka yangu, Nourdine, anayelima na kuuza sabuni na chumvi kule Kabambare. Aliletwa kwangu akiwa na miaka tisa kwa sababu shule ya kule ilikuwa imemchoka. Mwalimu wake aliandika miaka miwili mfululizo kwamba mtoto ni mzito wa kichwa. Kaka yangu aliamini. Mimi nami, niseme ukweli, niliamini mwezi mzima. Nikimwonyesha kwa kidole kitu kilicho ng'ambo ya barabara, alitazama kidole.

Aliyegundua mambo ni Mwalimu Abedi wa chuo cha Kurani, na hakugundua kwa akili, aligundua kwa malaria. Mwalimu Abedi ni mtu mnene, mwepesi wa hasira, na chuoni kwake watoto bado wanaandikiwa somo kwenye ubao wa mti kwa wino wa masizi. Mtoto akishalishika somo, anauosha ubao na kuandikiwa jingine. Sasa, macho ya Mwalimu mwenyewe yamechoka, na kwa kuwa hataki mtu ajue, anaandika herufi kubwa mno, aya moja inajaza ubao mzima. Faida alikuwa akisoma ubao wake bila shida, pua ikigusa mti. Kisha Mwalimu akaangushwa na malaria, na binti yake Rehema akashika chuo wiki mbili. Rehema ana mkono mzuri, herufi nyembamba, safi. Wiki hizo mbili Faida hakusoma hata neno moja.

Mwalimu aliporudi akasikia malalamiko. Akachukua ubao, akaandika kubwa, Faida akasoma. Akaandika ndogo, Faida akanyamaza. Akaja barazani kwangu na ubao kwapani.

"Rachida, huyu mutoto haiko mujinga," alisema. "Ni macho. Anaona vitu vikubwa tu, tena vya karibu. Mimi najua ile hali." Akakohoa. "Nilisikia kwa watu."

Tukaenda hospitali. Muuguzi wa macho alimjaribisha miwani nne, tano, na hakuna hata moja iliyosaidia. Akaniambia macho yamezaliwa hivyo, hayatapona wala hayatazidi kuharibika. Dawa yake ni moja: akae mbele, na aandikiwe kubwa. Akanipa cheti chenye muhuri. Nilitoka pale nikicheka peke yangu njiani. Herufi kubwa! Nani duniani atashindwa kutoa herufi kubwa?

Shuleni kwake hapa Kasongo hawakushindwa. Mwalimu wake alimruhusu asimame karibu na tablo, ubao wa darasani, na kunakili, na mtoto ambaye Kabambare walisema ni mzito akawa wa nne, kisha wa tatu. Tatizo lilikuwa mtihani wa taifa, ule wa kumaliza darasa la sita. Karatasi zake zinatoka mbali, zimefungwa, herufi zake sisimizi watupu, na mtoto anaketi katika kituo chenye wasimamizi wasiomjua. Asiyefaulu haingii sekondari. Mwalimu huyo akaniambia: kuna ofisi hapa mjini inayoshughulika na wanafunzi wenye ulemavu, nenda mapema, uwaombe waandike kwamba Faida apewe karatasi ya herufi kubwa. Ofisi yenyewe sitaitaja jina. Sijamaliza shida zangu zote katika mji huu, na huenda nikaihitaji tena.

Pale nilimkuta Bwana Gérard. Angekuwa mtu mbaya ningejua pa kuanzia. Lakini Bwana Gérard ni mpole, shati lake limepigwa pasi, na anamtolea mgeni kiti kabla hajajikalisha mwenyewe. Alisoma cheti cha hospitali mara mbili. Akamtazama Faida, akatabasamu, kisha akaanza kuzungumza nami juu ya kichwa chake.

"Mama, dosie inaanziaka kule mutoto alianza masomo. Alianza Kabambare. Lazima shule ya Kabambare iandike kama walimuona na hii shida."

"Lakini hawakuiona," nikasema. "Ndiyo sababu iko hapa."

"Basi waandike kama hawakuiona. Ila waweke kashe."

Dosie ndiyo faili, na kashe ndiyo muhuri. Kwa muhuri huo tulipanda pikipiki, mimi, Faida na dereva, mwezi wa pili, mvua zikiwa bado hazijachoka. Sehemu nyingine tulishuka, sisi tukatembea na pikipiki ikabebwa. Tulilala Lusangi kwa watu tusiowajua sana, waliotupa wali na samaki na kutuuliza habari za ndoa za Kasongo, na kesho yake mchana tukaingia Kabambare tukiwa rangi moja na barabara.

Mkuu wa shule alinipokea kwa adabu, akaniambia shule yake haijawahi kuwa na mtoto mwenye shida ya macho. Nikamwomba anionyeshe alipokuwa akikaa Faida. Akanipeleka mpaka benchi la nyuma kabisa, chini ya dirisha. Nikajibana nikakaa. Mwanga wa dirisha ulipiga tablo, sikuona kitu ila weupe.

"Njoo ukae," nikamwambia. Akasita, akakaa. "Soma."

Alikunja macho. Akainamisha shingo upande huu na upande ule. Kisha akacheka kicheko cha aibu, akasema, "Kweli, Mama Rachida, hata mimi sisomi." Akaandika karatasi palepale, akaipiga muhuri kwa nguvu kuliko ilivyohitajika. Nilikuwa nimejiandaa kumgombeza njia nzima, na sasa sikuwa na wa kumgombeza. Nilisikitika kidogo, kwa maneno yangu mazuri yaliyopotea.

Nyumbani kwa kaka yangu tulikaa siku mbili. Nourdine si mtu wa maneno mengi. Alimtazama binti yake akila, kisha akaniambia alichokuwa amekipanga.

"Akipita ule mutihani, nitamusomesha mpaka pale akili yake itaishia. Akianguka, arudi amusaidie mama yake na karanga. Siwezi kuwa na mutoto kule na kazi hapa, kwa bure."

Hakusema kwa ubaya, na sikuweza kumlaumu. Lakini tangu siku hiyo nilijua Faida anasimama kati ya nini na nini. Karatasi moja ya herufi kubwa, au shamba la karanga.

Tukarudi. Bwana Gérard alishangilia muhuri wa Kabambare, akatoa daftari lake kubwa. Lilikuwa na safu tatu: wasioona, wasiosikia, wasiotembea. Kalamu yake ya biki ikasimama juu ya safu ya kwanza.

"Wasioona tunawaandikiaka waende shule yao, mbali. Unataka aende mbali?"

"Hapana. Anaona. Anaona vikubwa."

"Kweli, haiko kipofu." Biki ikatangatanga. "Uniachie, mama. Nitatafuta namna ya kumusaidia."

Baada ya miezi miwili ikaja velo.

Nilikwenda ofisini siku hiyohiyo na ulimi wangu ukiwa umenolewa. Bwana Gérard alinyanyuka kunipokea, uso umejaa furaha, akingoja shukrani.

"Mama, ile safu ya macho haikukuwa na kitu. Hata kalamu. Safu ya miguu ilibakia na velo moja. Nikasema: huyu mama alitoka mpaka Kabambare na mvua, namna gani nimurudishe mikono mitupu?"

Mtu atafanya nini? Kwetu mgeni haondoki mlangoni bila kitu, hata kama ni ndizi mbili, hata kama hakuja kwa ndizi. Bwana Gérard alifanya kwenye daftari la serikali kile mama yake alichomfundisha kufanya mlangoni. Alikuwa amemwandika Faida miongoni mwa wasiotembea kwa huruma tu. Nilirudi nyumbani na maneno yangu yote, mara ya pili.

Velo haikukaa bure. Jirani yangu Odile, muuza mikate ya mafuta, hajatembea tangu utotoni. Alikuwa akienda kwa mikono, viganja vikiwa kwenye vipande vya tairi. Alikuwa ameomba velo miaka mitatu, akaambiwa zilizopo ni za wanafunzi. Nikaisukuma mpaka mlangoni kwake, nikamwambia, "Ujaribu, isipate kutu." Alijaribu mpaka mwisho wa mtaa. Kisha mpaka msikitini. Siku ya tatu alikwenda mpaka soko kuu, na ilikuwa miaka sita hajaliona soko kuu, na zamani alifika huko kwa kubebwa mgongoni tu. Akarudi amejinunulia kitambaa cha kichwa na kunigombeza kwa nini sikumwambia kwamba kule wamejenga vibanda vipya. Faida alikuwa akimsukuma kwenye kilima, wakicheka wote wawili. Nilipenda kuwatazama. Cherehani ilisimama mara nyingi miezi ile.

Wiki tatu kabla ya mtihani, mwalimu wa Faida alinionyesha orodha ya watahiniwa. Mbele ya jina lake kulikuwa na maneno: *hatembei, chumba cha peke yake, karibu na mlango, msimamizi mmoja wa kumsaidia.* Habari ya herufi kubwa hakuna.

Nikakimbilia kwa Bwana Gérard. Safari hii hata yeye alifadhaika. Alilitazama daftari, akaitazama orodha.

"Mutoto mumoja, safu moja, mama. Siwezi kuandika miguu na macho pamoja, wataniuliza." Akafikiri. "Lakini naweza kufuta. Velo irudie dépôt, kwa stoo yetu, nifute ile ya miguu, halafu niandike mwenyewe barua kwa kituo: herufi kubwa kwa huyu mutoto. Leo leo. Naiweka saini mbele yako."

"Na velo itakwenda wapi?"

"Itabakia dépôt. Mpaka mwanafunzi mwingine."

"Odile?"

"Mama Odile iko na miaka makumi tano na mbili," alisema kwa huzuni ya kweli.

Nilitembea kurudi nyumbani polepole, jambo nisilolizoea. Nilikuwa na hasira na Gérard, na daftari, na Mungu kidogo, nikaomba msamaha. Lakini kufikia mlangoni kwa Odile nilikuwa nimeamua. Mtoto wa kaka yangu kwanza. Nikamweleza Odile yote, nikitazama mikate yake badala ya uso wake.

Hakubisha. Alizima moto chini ya karai, akajifuta mikono, akajishusha kutoka kwenye kiti mpaka chini kwa mikono yake.

"Chukua, mama. Ilikuwa ya mutoto," alisema. "Nimekwisha kuona soko."

Ndipo Faida akatoka shuleni akatukuta hivyo, Odile chini, mimi nimeshika velo. Aliuliza kuna nini. Nikamwambia. Akaja akashika velo upande wa pili.

"Hapana, shangazi. Mama Odile, panda."

"Wee Faida, unataka kulima karanga?"

"Nitapita hapa kila siku. Nitamuona iko chini."

"Utamuona!" nikafoka. "Wewe hata ng'ombe humuoni!"

"Yeye nitamuona," alisema.

Nilivuta velo. Naye akavuta. Ana nguvu, yule mtoto; miguu na mikono yake haina kasoro hata moja, kinyume na serikali inavyoamini. Watu wakaanza kusimama barabarani. Mwishowe niliachia, si kwa wema, ni kwa sababu nilianza kulia na sikutaka mtaa unione. Nikaingia ndani. Nilisikia nyuma yangu Odile akipandishwa kitini, na wao wawili pia walikuwa wakilia, kwa hiyo mtaa ulipata wa kutazama.

Velo ikabaki. Sikwenda tena kwa Gérard. Kwa wiki tatu nilimsomea Faida masomo yake kwa sauti, kila jioni, mpaka nikajua mito yote ya Kongo na hesabu za sehemu, mimi niliyeacha shule darasa la nne. Alijua majibu. Yalikuwa kichwani mwake yote. Lakini mtihani hauulizi kwa sauti.

Asubuhi ya mtihani nikapatwa na woga mwingine. Orodha inasema hatembei. Akiingia akikimbia, si watamfukuza kama tapeli? Nikamwambia achechemee kidogo. Akafanya mazoezi uani, akitupa mguu wa kulia, kisha wa kushoto, kisha wa kulia. Odile alipomwona akaacha kukaanga.

"Mama Rachida, hivyo hakuna kilema hata mumoja anatembeaka," alisema. Lakini hatukuwa na muda wa masomo zaidi.

Nilimfikisha kwenye kituo, nikaketi chini ya ukuta wa nje na wazazi wengine. Jua lilipanda. Watu walikula karanga, nami sikuweza hata kuzitazama. Nilimwona akilini ameinama juu ya karatasi ile ya sisimizi, peke yake ndani ya chumba, na mtu aliyewekwa kumbeba kwenda chooni. Nilijua ameshindwa. Nilikwisha kupanga hata nguo atakazorudi nazo Kabambare.

Alitoka wa mwisho. Alisahau kuchechemea. Na pua yake ilikuwa nyeupe, paji la uso jeupe, chaki mpaka kwenye nyusi.

"Umefanya nini?"

"Nimemaliza," alisema. "Yote."

Nilimketisha, akanieleza. Msimamizi wake alikuwa mwalimu kijana kutoka Nyangwe, jina lake Héritier. Alimwona Faida anaingia akichechemea, akamuuliza mguu gani unamuuma. Faida akasahau ni upi. Akacheka, na yule mwalimu naye akacheka. Kisha akasoma tena karatasi yake ya kazi, iliyosema tu: *kumsaidia mtahiniwa.* Akaiweka mezani.

"Akaniuliza, 'Sasa, nikusaidie nini?'"

"Ukamwambia nini?"

"Nikamwambia miguu iko sawa. Siwezi kusoma herufi ndogo. Akatazama karatasi, akatazama tablo. Akasema, 'Humu tuko wawili tu. Hakuna mwenye tutasumbua. Tablo yote ni yako.' Akaandika swali, kubwa, nikasimama karibu nikasoma, nikajibu kwenye karatasi. Akafuta, akaandika lingine. Mpaka mwisho. Mkono wake ulichoka, akabadilisha mkono."

Watoto wengine walikuwa wamejazana vyumbani, benchi kwa benchi, na hakuna msimamizi ambaye angeweza kuandika ubaoni mbele yao. Chumba kile cha peke yake alikipata kwa ajili ya miguu. Gérard angefuta safu ile siku nilipokwenda kuvuta velo, Faida angeketi katikati yao na barua ya Gérard mkononi, kama ingefika.

Lakini si hilo lililonikalia moyoni nikiwa pale chini ya ukuta. Nilimwuliza tena, nisiamini: "Alikuuliza wewe?"

"Ndiyo. Mimi."

Muuguzi alinieleza mimi. Mkuu wa Kabambare alinieleza mimi. Gérard alizungumza nami juu ya kichwa chake, na mimi nikamjibu juu ya kichwa chake. Nimembeba mtoto huyu pamoja na cheti chake kwenye matope, nimemsemea kila mlango, nimemfundisha mpaka kuchechemea, na sikuwahi kumwuliza swali lile ambalo mtu mgeni kutoka Nyangwe aliliuliza kabla hata hajavua kofia. Niliona aibu, na niliona furaha, zote kwa pamoja, na sikujua nianze na ipi. Nilimfuta chaki kwa ncha ya kikwembe changu.

Héritier nilimshonea shati mwenyewe, nikalikadiria kwa macho bila kumpima, na lilimkaa. Alikataa kwanza. Alisema hakuvunja sheria yoyote, alifanya kilichoandikwa.

Matokeo yalitoka: sabini na moja kwa mia. Nourdine alikuja kwa pikipiki kutoka Kabambare na kuku wawili wamefungwa nyuma, mmoja alikuwa amekufa njiani kwa vumbi, akasimama mlangoni. Mwisho akasema, "Basi asome." Kwa Nourdine hiyo ni hotuba. Odile alikaanga mikate ya mtaa mzima. Bwana Gérard pia alikuja, shati limepigwa pasi, akatupa pongezi, akatuambia ameandika katika ripoti yake ya mwaka kwamba mwanafunzi aliyepewa velo amefaulu kwa sabini na moja, na kwamba anaomba velo zaidi. Nilifungua mdomo. Odile alikuwa amekaa kwenye velo mbele yetu, akimkabidhi Gérard mkate wa moto. Nikaufunga mdomo. Velo zaidi, kwa nini zisije?

Mwezi wa tisa nilimpeleka kujiandikisha sekondari. Mkuu wa shule ile ni mwanamke wa makamo mwenye haraka. Alikuwa na foleni mpaka nje. Aliangalia matokeo, akaangalia cheti cha hospitali, akanitazama mimi.

"Mama, mutoto anahitaji nini?"

Nilikuwa na yote mdomoni. Nilikuwa nayo kwa mpangilio, tangu Kabambare mpaka sisimizi, na ingechukua nusu saa. Watu wanaonijua hawataamini: nilinyamaza. Nikamgeukia Faida. Mkuu wa shule naye akamgeukia, kwa kuwa hakukuwa na mtu mwingine wa kumtazama. Nyuma yetu mtu akaanza kulalamika, na mimi niliuma ulimi wangu kwelikweli, kwa meno.

"Nikae mbele," alisema mwishowe. "Waandike kubwa."

"Ni hayo tu?"

"Na mutu wa kukaa naye." Alikuwa anatazama mikono yake. "Kabambare nilikuwa peke yangu kule nyuma. Hapa nikawa ninasimama kwenye tablo peke yangu. Ku mutihani, peke yangu. Nataka benchi ya watu wawili."

Hilo sikulijua. Miaka mitatu analala chumba kimoja nami, na sikulijua. Mkuu wa shule akachukua biki yake, akaliandika, chini ya herufi kubwa, akauliza kama anataka akae na msichana mwenye kuzungumza sana au mwenye kunyamaza.

"Mwenye kuzungumza," Faida alisema. "Nimezoea."